Soksi Mkononi mwa Cucu

Kila jioni, nikitoka shuleni, nilikuwa askari jela. Mfungwa wangu alikuwa mkono wa kushoto wa nyanya yangu, Cucu Njoki. Niliuvika soksi nene ya babu, nikaifunga kwa kamba, kisha nikamwekea Cucu mabakuli mawili ahamishe maharage kwa mkono wa kulia, ule uliolegezwa na kiharusi.

"Warigia, umenifunga kama kuku wa kupelekwa soko la Karatina!" alilalamika. "Na afadhali kuku, huulizwa bei."

Bi Kananu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa ametueleza sababu. "Nusu ya kushoto ya ubongo huamuru mkono wa kulia, na nusu ya kulia huamuru wa kushoto. Nusu hizo hupashana habari ili mikono ishirikiane. Sasa ile nzima inajifanya bosi, inainyamazisha iliyoumia. Tukifunga mkono wa kushoto, iliyoumia italazimika kufanya kazi."

Lakini harage moja lilichukua dakika nzima, na wenzangu walikuwa nje wakiniita tucheze mpira. Nikamfungua Cucu, nikatia alama kwenye karatasi aliyotuachia Bi Kananu kwamba tumefanya mazoezi kwa saa mbili. Kesho yake, vivyo hivyo. Cucu hakupinga, alikuwa amechoka.

Baada ya wiki tatu Bi Kananu alikuja. Akaisifu karatasi, akamwambia Cucu aokote harage. Vidole havikutikisika.

"Saa zote hizo, bure?" alihuzunika. "Basi njia hii haimfai. Tuiache."

Nikisema, Mama, aliyesimama mlangoni, angeniwakia. Nikinyamaza, mkono wa Cucu ungebaki hivyo maisha yake yote. Cucu alinitazama tu, hakunisema. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Karatasi ni ya uongo," nikasema. "Soksi hakuvaa."

"Ati nini?" Mama akafoka, na hakunyamaza hadi chai ikapoa. Bi Kananu yeye aliomba soksi. Tukaanza upya siku ileile.

Mwezi wa pili wa mazoezi, nikiwa nimeinama kuokota harage lililoanguka, mkono wa kulia wa Cucu uliinuka ukitetemeka, ukanishika sikio.

"Hii ni ya ule uongo," akacheka, akalifinya. "Hata mimi nilikosea kwa kunyamaza. Sikia, mjukuu wangu. Siku ukichoka, sema umechoka, tupumzike, kisha tuendelee. Usiniandikie kazi ambayo mkono wangu haujafanya. Karatasi utaidanganya, ubongo wangu hapana."

Sikio liliuma kidogo tu. Nikamwomba alifinye tena.