Skrubu ya Jiko la Bi Winifred

Kila siku Tamsin Oxley alipotoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa moto. Alivua viatu mlangoni, akavaa glavu kuukuu, akazoa majivu kwenye meko ya sebuleni, akakunjakunja kurasa za gazeti na kupanga vijiti juu yake. Bibi yake, Bi Winifred, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akimwelekeza, ingawa Tamsin alikuwa na miaka kumi na miwili na kazi hiyo aliianza akiwa na minane.

"Usilikaze gazeti hivyo, kipenzi. Moto nao unataka kupumua."

"Najua, Bibi. Uliniambia jana."

"Na kesho nitakuambia tena. Kuzeeka kuna faida gani kama mtu huwezi kurudia maneno yako?"

Waliishi watatu katika nyumba ya matofali huko Walkley, mjini Sheffield, kwenye mtaa wa mteremko ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kutoka juu ya kilima hadi chini. Mama yake Tamsin aliendesha basi, naye aliondoka kabla hakujapambazuka. Kwa hiyo asubuhi Bibi ndiye aliyeshuka sebuleni mapema. Alisali kwanza, kisha akawasha moto, japo vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi na vilivimba kila mwaka majira ya baridi yalipokaribia.

Mwishoni mwa Septemba mfagia dohani alikuja kama kawaida yake. Alimaliza kufagia, akajifuta uso, akatikisa kichwa. "Matofali ya nyuma ya meko yamepasuka, Bi Winifred. Hapa usiwashe tena."

Bibi aliinama akayatazama matofali. "Basi tutanunua jiko la kuni," akasema. "Mungu hajanisahau. Akiba ipo."

Jumamosi wakaenda dukani kwa Bwana Lumley, mtu mrefu mwenye penseli sikioni. Majiko yalikuwa yamepangwa pande zote mbili, makubwa kwa madogo. Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye jiko kubwa jeusi lenye maua ya chuma mlangoni. Alikisukuma kipini cha hewa, kile cha kupunguzia moto, mpaka mwisho, akatabasamu.

"Hili hapa. Linafunga kabisa. Mama yangu alikuwa akilaza moto kila siku kabla ya kulala. Anajaza, anafunga hewa, asubuhi anachokora kidogo tu, moto umeamka. Miaka arobaini hakuwahi kuwasha kiberiti asubuhi!"

"Alilaza makaa ya mawe," Bwana Lumley akasema taratibu. "Ndiyo maana kuta za mji huu zilikuwa nyeusi tii. Hilo siwezi kukuuzia, Bi Winifred. Nimeliagiza kwa ajili ya mtu wa shambani, huko milimani. Nyinyi mnakaa wapi?"

"Walkley."

"Basi mko ndani ya eneo la kudhibiti moshi. Ukitaka kuchoma kuni huko, jiko lako lazima liwe kwenye orodha ya serikali."

"Orodha! Siku hizi hata moto una orodha."

Bwana Lumley alicheka, akawapeleka kwenye jiko dogo la kijivu lenye kioo mlangoni. Tamsin akauliza, "Hili lina tofauti gani na lile?"

"Kisukume hicho kipini cha hewa."

Tamsin alikisukuma. Kilifika karibu na mwisho, kikagoma. "Kimekwama."

"Hakijakwama. Kuna skrubu ndani inakizuia. Hewa kidogo lazima iingie wakati wote ipite juu ya kuni, iuchome moshi kabla haujapanda dohani. Ukizinyima kuni hewa hazizimiki, zinafuka. Na ule moshi wa kufuka una chembe ndogo ambazo jicho halizioni. Zinaingia kifuani mwa mtu mpaka chini kabisa."

"Kwa hiyo hili halilazi moto?" Bibi akauliza.

"Halilazi."

"Jiko gani lisilolala?"

"Jiko lenye majirani, Bi Winifred."

Bibi alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika kiti. Wakalinunua lile la kijivu.

Wiki iliyofuata Bwana Lumley alikuja kulifunga mwenyewe. Alimkabidhi Bibi cheti cha jiko, akamsisitizia anunue kuni zilizokaushwa vizuri, ambazo unyevu wake hauzidi asilimia ishirini. Alipokuwa akikusanya vyombo vyake alimwonyesha Tamsin ile skrubu. "Hii usiiguse wewe wala mtu mwingine," akasema. Tamsin akaitikia kwa kichwa.

Jiko lilikuwa zuri. Moto wake ulikuwa mwangavu, na ukisimama barabarani ukatazama dohani ungedhani hakuna kinachowaka. Lakini asubuhi lilikuwa la baridi kama jiwe. Alhamisi moja Tamsin alishuka mapema akamkuta Bibi amepiga magoti mbele ya jiko. Njiti za kiberiti zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Bibi aliokota moja, ikamponyoka. Akaokota nyingine, nayo ikamponyoka. Tamsin alirudi juu kimyakimya kabla hajaonekana.

Jioni hiyo, Bibi alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya kanisani, Tamsin alichukua bisibisi ya mama yake, akaifungua ile skrubu na kuitia kwenye mkebe wa penseli. Kipini sasa kilikwenda mpaka mwisho.

"Bibi," Tamsin akasema Bibi aliporudi, "jaribu kukisukuma kwa nguvu kabla hujalala. Labda kilikuwa kigumu tu kwa sababu ya upya."

Asubuhi Bibi alipochokora majivu, makaa mekundu yakatokea. "Asante Mungu!" akasema kwa sauti. "Unaona? Jiko limejifunza kulala. Bwana Lumley hajui hata anachouza." Tamsin akafurahi, akala mkate wake haraka.

Nyumba ya pili, upande wa pili wa ukuta, alikaa rafiki yake Sumaira Mirza. Chumba cha Sumaira kilikuwa darini, na dirisha lake lilitazamana na dohani ya akina Tamsin. Sumaira alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini kwa kusema hakuna aliyemshinda. Jumatatu walipokuwa wakipanda kilima kwenda shule, alisimama mara mbili kuvuta dawa yake.

"Wewe nawe, leo umezeeka?" Tamsin akamtania.

"Nyamaza, kobe wewe, mimi nakusubiri wewe. Unajua kwetu asubuhi kunanukaje? Kama samaki wa kukaushwa. Nafungua dirisha nipate hewa, ndiyo kwanza unazidi kuingia. Nguo zangu, nywele zangu, kila kitu. Mama anasema labda kuna mtu anachoma takataka."

"Labda," Tamsin akasema. Hakumtazama.

Jumanne Sumaira hakuja shule. Jumatano pia hakuja. Tamsin alipokaa darasani kiti cha jirani yake kilikuwa kitupu, na kila alipofungua mkebe wa penseli skrubu ile iligongana na kichonga penseli. Alijiambia kwamba Sumaira ana pumu tangu zamani. Alijiambia kwamba ni hewa ya baridi tu. Asubuhi ya Alhamisi alisimama barabarani, akatazama juu. Moshi mzito wa kijivu ulitoka kwenye dohani yao, ukashindwa kupanda kwa sababu ya ukungu, ukateremka taratibu juu ya paa mpaka kwenye dirisha la dari.

Alipotoka shule alasiri hiyo alimkuta mama yake Sumaira, Bi Shaheen, mlangoni. Tamsin alipita pembeni, akaingia na kukaa kwenye ngazi za ndani.

"Samahani sana, Bi Winifred," Bi Shaheen alikuwa akisema. "Sikuja kugombana. Mtoto hajalala siku tatu. Daktari ameuliza kama kuna moshi karibu, nami nimeuona kwa macho yangu unatoka kwenu."

"Kwangu?" Bibi aliinua sauti. "Jiko langu lina cheti! Liko kwenye orodha ya serikali! Katafute kwingine, Bi Shaheen, mimi si mtu wa kuchafulia watu hewa."

Bi Shaheen aliinamisha kichwa, akaondoka. Bibi alifunga mlango kwa kishindo. Aliwapigia simu wanawake wawili wa kanisani akawaambia Bwana Lumley ni mwongo, amemuuzia jiko bovu kwa cheti cha uongo. Kisha akampigia Bwana Lumley mwenyewe.

Bwana Lumley alifika Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Hakubishana. Alichukua kuni moja, akaipasua, akaichoma kwa pini mbili za kipima unyevu. "Asilimia kumi na sita. Kuni ni nzuri." Akafungua mlango wa jiko, akapitisha kidole kwenye kioo. Kidole kikawa cheusi, kinanata kama lami. Uso wake ulibadilika.

"Sielewi," akasema. "Jiko hili halifanyi hivi. Nimefunga zaidi ya mia mbili mjini humu. Kama limeharibika, Bi Winifred, nitalitoa leo nikurudishie kila kitu, na wengine wote niliowauzia itabidi niwapitie mmoja mmoja."

"Upite," Bibi akasema. "Na useme ukweli safari hii."

Bwana Lumley alikuwa tayari amepiga magoti. Mikono yake mikubwa ilianza kufungua jiko. Tamsin aliitazama, akauchukua mkebe wake wa penseli.

"Usilitoe," akasema. "Jiko ni zima. Ni mimi."

Alifungua mkebe, akaiweka skrubu juu ya meza.

Bwana Lumley aliiokota skrubu, akaitazama, akakaa chini palepale sakafuni kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kwa nini?" Bibi akauliza kwa sauti ndogo.

"Vidole vyako, Bibi. Nilikuona unaangusha njiti. Nilitaka ukute moto."

"Na nilipokuwa namfokea Bi Shaheen, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Ulisikia?"

"Nilisikia yote."

Bibi alifumba macho. Alipoyafumbua alimgeukia Bwana Lumley. "Nimekuita mwongo mbele ya watu wa kanisa. Jumapili nitasimama mbele ya hao hao niseme mwongo alikuwa ndani ya nyumba yangu, na mpumbavu nilikuwa mimi, maana uliniambia dukani na sikutaka kusikia. Nilipenda mno kuona moto umelala."

"Yameisha, Bi Winifred," Bwana Lumley akasema. Akairudisha skrubu mahali pake. Kisha akamwita Tamsin, akamfundisha kupanga moto upya: kuni kubwa chini, vijiti vyembamba juu yake, kiwashio juu kabisa, na hewa wazi mpaka ushike. "Ukiupanga hivi jioni jiko likishapoa, asubuhi ni njiti moja tu. Lakini anayetaka bibi yake akute joto, aamke dakika kumi kabla yake."

"Nitaamka," Tamsin akasema.

Bibi alivaa koti. "Kwanza twende."

Walibisha hodi nyumba ya pili. Bibi aliomba radhi mwenyewe, amesimama barazani bila kofia. Kisha Tamsin akaeleza kila kitu, toka skrubu mpaka ngazi. Bi Shaheen aliwasikiliza, akawakaribisha ndani. Sumaira alikuwa kwenye kochi, amejifunika blanketi, macho yamemwiva.

"Kwa hiyo siku zote hizo, kilimani, ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa nahisi. Kisha nikajua. Nisamehe."

Sumaira alilivuta blanketi mpaka kidevuni. "Nikipona utanibebea begi wiki mbili. Na nitatia vitabu vyote, hata vya dini na vya jiografia." Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Sijakusamehe bado. Lakini kaa."

Waliporudi nyumbani Bibi aliweka birika, akamkatia Tamsin kipande cha keki ya tangawizi, akakaa mkabala naye.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ulinihurumia, na kwa hilo nakushukuru. Lakini huruma yako ilinipa mimi joto ikampa mwenzako kitanda cha ugonjwa, na bado ukaifunika kwa kunyamaza. Sheria ile ya moshi hawakuitunga watu wasiotupenda. Waliitunga kwa sababu ukuta wetu ni mmoja na hewa yetu ni moja. Ukitaka kumtendea mtu wema, uliza kwanza nani mwingine ataulipia. Na ukikosea tena, na utakosea, maana umetoka kwangu, uniambie siku hiyo hiyo. Ungesema Jumatatu pale kilimani, Sumaira angelala Jumatatu."