Jumamosi Tatu Bila Sauti

Enzi zile kompyuta ya nyumbani ilifunikwa kitambaa kilichodariziwa, na ikiharibika nyumba nzima ilipoa. Mshonaji mmoja aliingia katika duka la vifaa vya umeme lililofurika watu, amevaa gauni la manjano, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Akanyoosha mkono kuchukua spika, akimweleza muuzaji kwamba kompyuta yao haitoi sauti.

"Usinunue kwanza, dada," alisema kijana aliyebanana naye kwenye foleni. "Huenda spika zako ni nzima."

Alikuwa fundi wa kompyuta. Wakakubaliana aje Jumamosi.

Nyumbani fundi alimkuta mama wa mshonaji, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Marehemu mumewe alikuwa na desturi ya kumsomea vitabu, na kabla hajafariki alijirekodi akisoma, sauti ikahifadhiwa ndani ya kompyuta. Tangu meza ihamishwe ili pafagiliwe, kompyuta ilikuwa bubu.

Fundi aliinama nyuma ya mashine, akaliona kosa papo hapo: waya wa spika ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la maikrofoni. Alipoinuka, mshonaji alikuwa akimtazama huku akitabasamu. Ulimi ukamponyoka. Akasema kuna kifaa cha kutafuta, atarudi.

Alirudi Jumamosi ya pili, na ya tatu. Katikati ya wiki walipigiana simu, mshonaji akimtania kwamba ni fundi wa chai, si wa kompyuta. Naye fundi akacheka, akamwita mpenzi.

Jumapili iliyofuata shemeji wa mshonaji alipita kusalimia, akachungulia nyuma ya meza, akahamisha waya, akafungua rekodi. Sauti ya marehemu ikajaa sebuleni. Mama alilia mpaka kitabu kikaisha.

Mshonaji akapiga simu. "Ulijua?"

"Nilijua siku ya kwanza."

"Mama amekaa wiki mbili nzima hamsikii baba, na wewe unamtazama." Akakata simu.

Kesho yake fundi alikwenda, si kwa binti bali kwa mama. Akapiga magoti, akaeleza yote bila kujitetea.

"Umeniumiza, mwanangu," mama akasema. "Lakini umekuja mwenyewe. Mimi nimekusamehe. Huyo mwingine, mtajuana."

Huyo mwingine hakupokea simu yake miezi miwili. Kisha siku moja alimwita kibandani kwake, penye vitambaa vilivyolundikana hadi dirishani, akamuuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani:

"Kuna jingine ulilonificha?"

"Lipo moja. Nataka kukuoa, na sijui nianzie kwa nani."

"Kwa mama ulishapiga magoti. Umebakiza mimi."

Akaendelea kushona. Fundi alisimama palepale, hakuthubutu kukaa, mpaka pindo lilipofika mwisho na cherehani ikanyamaza. Ndipo mshonaji akakata uzi kwa meno, akamwambia ndiyo.