Kadi za Obed

Wajerumani ishirini walifika Ngorongoro baridi ikiwa imewaingia mifupani, wakakuta wengine wamelala kwenye vitanda vyao. Ujumbe wa kufuta vyumba ulitumwa Jumatatu saa tano asubuhi kutoka ofisi ya utalii ya Herbert, mjini Karatu, kwa akaunti ya Aikande.

Jumatano Inspekta Naserian aliingia ofisini humo na pingu kiunoni. Aikande, aliyekuwa ndiyo kwanza amepandishwa cheo, alikuwa analia.

"Sijaandika, afande. Mama yangu mgonjwa, yuko Machame peke yake. Nikifungwa atamwangalia nani?"

Herbert alisukuma karatasi mbele. "Ujumbe umebeba anwani ya kompyuta. Inaishia na 14. Ya huyu."

"Anwani haibadiliki?" aliuliza Naserian.

"Haibadiliki," alijibu Obed, fundi wao. "Ruta, kisanduku kinachosambaza mtandao, ndiyo inayozigawa. Nimeiagiza, ikiona namba ya kadi fulani ya mtandao, iipe anwani ileile daima. Aikande 14, Leonida 15."

Leonida, wa meza ya pili, alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Nilimwona akiandika. Mimi sikubanduka kwenye kompyuta yangu tangu saa tatu mpaka saa saba, wala hakuna mwingine aliyeigusa. Inauma, afande. Kazi nimemfundisha mimi, leo ndiye bosi wangu."

Naserian alimtazama vizuri. Mwezi uliopita kijana ambaye Naserian mwenyewe alimfundisha kupanga majalada alipandishwa cheo akamruka, na tangu siku hiyo chai ya kituoni ilikuwa haimshuki. Wivu aliujua, maana alikuwa analala nao.

"Obed, hiyo kadi inakaa wapi?"

"Ndani ya kompyuta. Inachomoka."

"Mara ya mwisho ulizichomoa lini?"

"Jumamosi. Si unalijua vumbi letu hili jekundu? Kila mwezi nazitoa zote, nazipiga brashi, nazirudishia..." Obed akasita. "Afande, zinafanana."

"Iulize kompyuta ya Leonida anwani yake."

Obed alibonyeza vitufe. Ikatoka 14. Ya Aikande ikatoa 15.

"Dada Leonida," Naserian alisema taratibu, "kumbe ujumbe ulitoka kwenye kompyuta yako, na umesema hukubanduka, na hakuna aliyeigusa."

Leonida alisukuma kiti nyuma, akasimama. Kisha yakamtoka yote kwa mkupuo.

"Alikuja na begi moja! Nikamlaza kitandani kwangu, nikamfundisha mpaka kuongea na wazungu kwenye simu. Wiki iliyopita ananiambia niripoti kwake! Nilitaka arudi kwao, basi. Roho ilikuwa inaniuma, silali."

"Na neno lake la siri ulilipata wapi?"

Leonida alifunika uso kwa kanga yake. Aliyejibu ni Aikande, kwa sauti ndogo.

"Nilimpa mwenyewe, afande, tangu mwaka wa kwanza. Niliweka jina lake, Leonida. Sijawahi kulibadilisha."