Nani Amekupima Mguu?

"Nani amekupima mguu?"

Debora aliuliza kwa sauti iliyomfanya Bashiri, mwenye duka, aache kufuta vumbi kwenye mipira. Mkonga wa simu ya duka ulikuwa sikioni, mkono mwingine kiunoni. Upande wa pili, bwawani Mtera, mchumba wake Nikolaus alikohoa.

"Mpenzi, sikiliza. Nimesema chukua yale ya kisigino wazi, yenye mkanda nyuma. Namba kumi."

"Namba nimeisikia. Nimeuliza aliyekupima ni nani."

"Ni Shakila, mwalimu wetu wa kuzamia. Anatupima wote, Debora, pamoja na buti zetu..."

Hapo sauti ya kike ikapenya kutoka nyuma yake, laini, ya Kitanga: "Niko, msisitizie! Namba kumi!"

Niko! Debora mwenyewe, mwenye pete kidoleni, alikuwa hajawahi kumwita Niko.

"Nimesikia," alisema, akakata simu.

Nikolaus alikuwa mzamiaji, na usicheke. Kijana wa Kibakwe, mtu wa milimani aliyekulia kwenye mahindi, kazi yake ilikuwa kushuka chini ya maji kukagua malango ya bwawa. Aliajiriwa na moja ya zile kampuni za watu binafsi zilizochipuka serikali ilipolegeza mambo. Mapezi yake, yale ya mpira ambayo mzamiaji huvaa miguuni ili apige maji kama samaki, yalikuwa yamechanika. Bashiri wa Majengo, Dodoma, ambaye tangu biashara ifunguliwe alishusha kila kitu kutoka Dubai, alikuwa ameleta jozi za aina mbili. Debora alitakiwa kuchukua moja tu na kuituma.

"Shemeji, haya ya mkanda yanavaliwa juu ya buti," Bashiri alieleza. "Haya mengine unatumbukiza mguu mzima, kama kiatu. Buti haliingii humo hata ulisukume vipi. Ni ya baharini, kwenye mchanga."

"Kwa hiyo unavaa mguu mtupu?"

"Mtupu kabisa. Na lazima uujue mguu wa mtu sawasawa, la sivyo yatambana au yatamvuka."

Debora alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Viatu vya harusi alinunua nani? Si yeye? Namba nane, na Nikolaus alipovijaribu havikumbana wala kumpwaya. Leo atokee mtu na masauti yake ya pwani aseme kumi!

"Nifungie hayo ya mguu mzima. Namba nane."

"Lakini shemeji, mwenyewe amesema..."

"Bashiri, anayeolewa naye ni nani, mimi au wewe?"

Bashiri akafunga boksi. Debora akalipeleka stendi, akampa kondakta wa basi la Iringa.

Kesho yake Nikolaus alipiga simu ofisini, kule Debora alikokuwa mpiga chapa.

"Nimeyapata," alisema.

"Yanaingia?"

"Yanaingia kama nimezaliwa nayo."

"Na huyo mwalimu wako anasemaje?"

"Anasema mengi."

"Kama yapi?"

"Debora, asante. Nitavaa haya haya."

Siku nzima Debora alichapa barua huku anaimba. Priska wa meza ya pili akamwuliza kama ameongezewa mshahara.

"Zaidi ya mshahara, shoga yangu. Kuna mtu nimemwonyesha mahali pake."

Wiki haikuisha, Priska akamnyooshea mkonga wa simu.

"Mwanamke. Sauti ya pwani."

"Dada Debora? Shakila hapa. Niko ameumia mguu. Amekanyaga kisiki majini. Tunamleta hospitali huko Dodoma."

Mungu amsamehe Debora kwa alichouliza. Hakuuliza damu, hakuuliza maumivu.

"Na wewe unakuja naye?"

"Ndiyo," Shakila alijibu taratibu. "Nakuja naye."

Debora alimkuta Shakila kwenye benchi nje ya wodi, shati la kazi lina madoa ya damu, kiatu kimoja cha Nikolaus mapajani. Na alikuwa mzuri. Jamani, alikuwa mzuri! Muda wote Debora alikuwa amejipa moyo kwamba mwanamke anayeshinda majini lazima atakuwa kakamavu, midomo imepauka. Kumbe wapi.

"Umeshamfikisha. Ahsante. Sasa nipe hicho kiatu, uende."

"Siendi mpaka tuzungumze, dada."

"Tuzungumze nini? Kwamba mume wangu mtarajiwa unamwita Niko?"

"Kwamba nilimpenda."

Debora alikaa.

"Nilimwambia wiki ile kabla ya hayo mapezi kufika," Shakila aliendelea, macho kwenye kile kiatu. "Hakunijibu. Aliondoka tu. Nikajidanganya kuwa anafikiria. Halafu boksi lako likaja."

"Na boksi langu lina nini?"

"Dada, chini ya lile bwawa kuna msitu. Maji yalipojaa yaliikuta miti imesimama, migunga na miiba yake. Visiki vipo mpaka leo. Ndiyo maana tunavaa buti, na mapezi ya mkanda juu yake. Haya uliyonunua huwezi kuyavaa na buti, wala huwezi kutembea nayo. Unaingia miguu mitupu, umeyashika mkononi, mpaka ufike kwenye kina."

Maneno ya Bashiri yalikuwa yanamrudia Debora moja moja.

"Nikamkataza. Nikamletea jozi yangu ya akiba, na buti. Unajua aliniambia nini? 'Haya amenichagulia Debora.' Nikamwambia kwamba Debora hayajui maji. Akasema, 'Ananijua mimi.' Akavua buti mbele yangu, akaingia. Hata hakufika mbali."

Shakila alifuta macho kwa mkono wa shati.

"Lilikuwa jibu langu. Nimelipata." Akamwekea Debora kile kiatu mapajani.

Alichokuwa anakitaka Debora alikuwa amekipata: kumshinda yule mwanamke. Basi alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa umelala wodini na nyuzi kwenye unyayo.

Aliingia. Nikolaus alijaribu kuinuka.

"Lala hapo! Ulijua kwamba hayafai?"

"Nilijua nilipofungua boksi."

"Ukayavaa hivyo hivyo! Una akili wewe?"

"Ulinikatia simu, Debora. Nikasema nikiyarudisha, utaamini kila unachokiwaza."

"Na yule alipokutamkia kwamba anakupenda, kwa nini hukuniambia?"

Nikolaus akageukia ukuta. "Niliogopa utavunja harusi."

"Kwa hiyo ukamjibu kwa unyayo! Mdomo, Nikolaus! Mungu amekupa mdomo!" Akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia hasa. "Bashiri aliniambia. Alinieleza kila kitu, nikasikia. Nilichukua yale makusudi, ili yule mwanamke ajue."

"Ajue nini?"

"Kwamba mguu wako naujua mimi."

Nikolaus alimwangalia, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka nyuzi zikamvuta, akaguna.

"Nisamehe," Debora alisema.

"Na wewe nisamehe. Ila siku nyingine tugombane kwenye simu mpaka iishe, tusitumiane maboksi."

Daktari alisema mguu ule hautaingia kwenye kiatu kwa wiki nyingi. Mama yake Debora alishika kichwa: kadi zimeshafika hadi Bahi, mbuzi wameshaahidiwa, bwana harusi ataingiaje kanisani peku?

"Harusi ipo palepale, mama," Debora alisema.

Alirudi Majengo na mapezi yale chini ya kwapa.

"Bashiri, nibadilishie. Nipe ya mkanda, namba kumi."

"Hiyo kumi amesema nani?" Bashiri aliuliza kwa uchokozi.

Debora aliyaweka mapezi mezani. "Mwalimu wake."

Kisha akavuka barabara hadi kwa fundi wa katambuga, zile ndala za matairi wanazovaa wachunga ng'ombe.

"Namba ngapi, binti?"

"Mguu wake ni nane. Lakini nimempima na bandeji yake. Kata kumi. Nyuma weka mkanda, kisigino kibaki wazi."

Siku ya harusi Nikolaus aliingia kanisani mguu mmoja kiatu cheusi kinang'aa, mguu wa pili tairi. Shangazi zake wa Kibakwe walipiga vigelegele huku wanafutana machozi ya kicheko.

Ukumbini, kwenye foleni ya kutoa mikono, akatokea Shakila na kitenge kipya alichokifunga kwa utepe. Kamati yote ya harusi ikageuka kumtazama. Akatazama ile katambuga, akamtazama bibi harusi.

"Nani amempima mguu?"

"Mimi," Debora alijibu. "Pamoja na bandeji."

"Umempima vizuri."

Akampa bwana harusi mkono. "Hongera, Nikolaus."

Debora, ambaye wivu haujamwisha mpaka leo, alilisikia lile jina zima. Akasogea, akamwonyesha Shakila kiti kwenye meza ya ndugu.