Jina la Levis Juani

Likizo ya Desemba mwaka wa 1996, kazi ya Mellen ilikuwa ile ile kila siku: kumfuata mama yake ufuoni Sindo, kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu na kuwafukuza kunguru. Mama alibaki kwenye mashua akibishana bei. Zamani kazi hiyo waliifanya wawili, Mellen na kaka yake Levis, wakichokozana hadi mama awakemee. Lakini malaria ilimchukua Levis wakati wa mvua za Aprili. Hakuacha hata picha moja, maana mpiga picha alikuwa Homa Bay na mama kila mara alisema, "Tutaenda mwezi ujao."

Ndiyo maana binamu yake Liz alipokuja kutoka Rongo akiwa na ua dogo lililochorwa mkononi kwa sindano na wino, Mellen alimng'ang'ania.

"Nichoree jina la Levis, dada. Naogopa nitamsahau."

Liz alisitasita, kisha akakubali. Alichemsha sindano yake, akachora herufi tano chini ya kiwiko cha Mellen. Mellen aliuma leso asipige kelele.

"Sasa nisikilize," Liz alisema. "Hiki ni kidonda. Kioshe kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, ukifunike kwa kitambaa safi. Jua lisikiguse, na ziwani usiingie mpaka kipone kabisa. Hata ua langu lilipona kitambo, lakini kiangazi navaa mikono mirefu. Jua hula wino."

"Nimesikia," Mellen alijibu. Kusikia alisikia, ila kitambaa kingemfanya mama aulize maswali.

Basi mbele ya mama alishusha mkono wa sweta. Ufuoni, mama akiwa mbali, aliukunja. Kidonda kilikuwa kinatoa majimaji, na Mellen alijua dawa ya kitu chenye majimaji: omena huanikwa asubuhi ikiwa mbichi, na jioni huwa kavu kabisa. Aliunyoosha mkono wake kando ya omena, jua kali likaupiga. Ulipowaka moto aliuchovya ziwani, pale pale wanawake walipoosha samaki, kisha akauanika tena. Jamani, tena alijiona mjanja!

Baada ya siku chache alishindwa kuinua karai. Mama aliukunja ule mkono wa sweta.

"Yawa! Mwanangu, nini hii?"

"Ni jina la Levis, mama."

Mama aliinama kulitafuta. Alitafuta sana. Hakuona herufi yoyote, ila usaha na ngozi iliyobambuka.

Kwenye zahanati Mellen alieleza yote, tangu sindano na maagizo ya Liz hadi maji ya ziwa. Sista Priscah alikisafisha kidonda, akamdunga Mellen sindano, wala hakumbembeleza.

"Kwanza, sindano ya mtu mwingine inaweza kukuletea ugonjwa usiopona, na kuichemsha nyumbani hakutoshi. Pili, ngozi yako si omena. Ukiianika ikiwa na kidonda inaungua, na maji ya ziwa yanaingiza uchafu. Mngechelewa kidogo tu, tungeongea habari ya kukata mkono."

"Jina litarudi, Sista?"

"Mkono utapona. Jina limekwenda."

Mellen alilia kuliko siku ya mazishi. Siku ile hakuwa na kosa lolote. Safari hii aliyempoteza Levis ni yeye mwenyewe.

Walipokaribia nyumbani, mama alisimama njiani.

"Ungeniambia, ningekugombeza," alisema. "Ningekugombeza sana, nisikudanganye. Halafu ningekufunga kitambaa kwa mikono yangu, na jua lisingekigusa kidonda, maana lile jina ni la mtoto wangu pia. Uliambiwa la kufanya ukalipuuza, ukanificha mimi niliyeweza kukusaidia. Ukiumia, Mellen, sema mapema. Ugomvi wangu unaisha siku hiyo hiyo. Hilo kovu utakuwa nalo mpaka uzeeni."



Kidonda kilipopona, katikati ya kovu ilibaki herufi moja tu, L iliyopinda. Kiangazi kilichofuata, kila asubuhi kabla ya kwenda ufuoni, mama alimshushia Mellen mkono wa blauzi hadi kwenye kiganja, akafunga kifungo mwenyewe, halafu akabeba karai lake.