Usifute Picha Hujaitazama

Prado nyeusi ilimtokea Rumaitha kwenye kona ya mwisho kabla ya Wete.

Hakugeuka nyuma. Alikata kulia, pikipiki yake ya Vespa ikachupa mtaro na kuingia katikati ya mikarafuu, pasipopita gari. Nyuma yake breki zililia, kisha yakafuata matusi.

Njia ile alimwambia mtu mmoja tu.

Wazo hilo alilisukuma kando. Kazi kwanza.

Amri ilimfikia mchana kwenye Thuraya yake, simu ya setilaiti: "Ghala limejaa. Panua." Maana yake ilikuwa seva ya Wete, inayohifadhi picha za kamera zote za pwani. Diski yake ilikuwa imejaa pomoni. Seva ikikosa pa kuandika hulala, na kamera nazo hulala.

Na Himid, mwenzake wa kikosi cha kuzuia magendo, alikuwa amejificha na askari wachache ndani ya mikoko ya Makoongwe, akingoja karafuu za mlanguzi aitwaye Mmanga zipakiwe kuvushwa ng'ambo. Bila kamera, Himid hana macho. Mmanga alijua kuchagua siku. Kisiwa kizima kilikuwa uwanjani Gombani kutazama mpira.

Ofisi ilikuwa tupu. Nje, bendera za vyama zilizobaki tangu uchaguzi zilining'inia kwenye nyaya, zimepauka. Rumaitha aliweka bastola yake ya Glock mezani, akafungua kompyuta yake ya ThinkPad.

Redio ilikoroma. "Kamera vipi, dada? Sioni kitu huku."

"Usisogee, Himid. Naifungua sasa hivi."

Seva yenyewe haikuwa chuma cha kushikika. Ilikuwa mashine pepe ya Linux, inayoishi ndani ya mashine kubwa kama mpangaji chumbani. Kuiongezea nafasi si kazi ya ajabu. Akaandika ukubwa mpya wa diski.

Ikakataa.

Kulikuwa na picha: nakala ya seva nzima, imegandishwa kama ilivyokuwa siku moja ya nyuma. Ikiwapo picha, diski hairefuki.

Simu ikalia. Mzee Nyange.

Huyu ndiye aliyemfunza kazi. Alistaafu juzijuzi, akamkabidhi nywila zote. Baba yake Rumaitha alipofariki, Nyange ndiye aliyeshuka kaburini kuipokea maiti. Kwa hiyo amri ilipoingia, Rumaitha alimpigia kuomba ushauri, akamweleza kila kitu: njia atakayopita, Himid, mikoko.

"Ushafika, mwanangu?" Kelele za uwanja zilisikika nyuma yake.

"Nshafika, mzee."

"Basi ifute ile picha kwanza, ndiyo inayokuzuia. Fanya upesi, Himid asije akapotea."

Kidole cha Rumaitha kiliganda. Picha yenyewe alikuwa ameiona sasa hivi tu. Hakumtajia mtu.

"Haya, mzee." Akakata simu.

Moyo ulimuuma vibaya. Akaivuta kompyuta karibu.

Somo la kwanza la Nyange lilikuwa hili: kabla ya kugusa diski, piga picha. La pili: usifute picha hujaitazama. Aliyarudia mpaka wanafunzi wakamtania kwamba hata kuoga haogi mpaka aipige picha ndoo.

Lakini jungu likiwa dogo hulivunji. Waweka la pili mekoni.

Akaipa seva diski mpya kabisa, kando ya ile ya zamani. Akaandika amri moja moja: `vgextend`. Mbili zikawa ghala moja. `lvextend`. `resize2fs`. Nafasi ikapanuka.

Kamera zikaamka.

Makoongwe ikajaa kwenye kioo: boti yenye injini mbili za Yamaha, magunia, Mmanga na kofia yake. Na mgongoni kwa Himid, watu watatu wakitambaa matopeni na bunduki.

"Himid, nyuma yako. Watatu. Lala."

Risasi. Kisha redio ikakoroma.

"Tumewapata," Himid alisema, anahema. "Mmanga naye tunaye. Sote wazima. Nani kawaambia tulipo?"

Rumaitha aliiweka redio chini. Aliifungua ile picha.

Rekodi zilizofutwa kwenye seva zilikuwamo zote. Nyange kasimama ufukweni Makoongwe na kanzu yake ya kijivu, anamwonyesha Mmanga kamera zilipo. Ushahidi aliufuta kabla ya kustaafu, lakini kabla ya kufuta mkono wake ulipiga picha wenyewe. Mazoea yana tabu. Alipokumbuka, nywila hana tena.

Rumaitha alilia kidogo, kwa hasira. Akajipangusa kwa mtandio, akampigia Seif wa kikosi, aliyekuwa Gombani. Halafu akampigia Nyange.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza. Pamepanuka."

"Na picha?"

"Ulinifunza nisifute picha sijaitazama."

Uwanja ulilipuka kwa bao. Nyange hakushangilia.

"Umeitazama?"

"Nimeitazama, mzee. Kanzu ile nilikushonea mimi."

Pumzi ndefu. "Rumaitha..." Hakusema mwanangu.

"Kaa hapohapo. Seif yuko nyuma yako."

Akakata. Akachomeka Glock kiunoni, akafunga mlango, akapiga kiki Vespa. Barabarani watu walikuwa wanabishana juu ya lile bao. Aliwapigia honi wampishe, akaenda zake.