Sauti Kumi na Nne za Mama

Mume wangu ni mwoka mikate. Anaondoka alfajiri na kurudi saa nane mchana. Anaoga, anakula, kisha anahamia kwenye meza yake ya vifaa. Hapo ukimwita mara tatu, anaitika mara moja.

Mezani pana simu mbovu tano, redio isiyo na mgongo na kompyuta kuukuu yenye unga kati ya vitufe. Skurubu zake ndogo anazitia kwenye kopo langu la vifungo. Mimi ni mshonaji. Siku moja nilibakiza kidogo tu nimshonee mteja skurubu kwenye blauzi. Majirani wanamwita Bisibisi. Jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Nisimsingizie. Redio ilikuwa bubu, akaifufua. Kompyuta ilikuwa imetupwa, akaiwekea programu mpya, na leo inafanya kazi. Hakusomea. Anajaribu, anakosea, anajaribu tena.

Mimi nina kifaa kimoja tu ninachokijali. Ni simu ya zamani yenye ufa kwenye kioo. Ndani yake mna sauti za mama yangu. Mama hakupenda kuandika ujumbe. Alikuwa anarekodi maneno yake, anatuma. Alifariki miaka miwili iliyopita, zikabaki rekodi kumi na nne. Nikimkumbuka sana, nafungua moja. "Mwanangu, umekula?" Basi, naendelea kushona. Siku nyingine sishoni kabisa.

Lakini simu ilikuwa imechoka. Kufungua rekodi moja kulichukua dakika nzima. Mume wangu aliniona nikingoja, simu nimeikumbatia kwa mikono miwili.

Jumamosi moja nilikwenda kumpelekea mteja nguo zake. Niliporudi nilimkuta mezani, jasho linamtiririka. Simu yangu ilikuwa mbele yake. Iliwaka, ikazima, ikawaka tena, ikazima.

"Umefanya nini?"

"Mke wangu, kaa kwanza."

"Sikai. Umefanya nini?"

"Nilitaka iwe nyepesi. Nikwambie tu, 'Fungua,' mama asikike papo hapo. Nimeipakia programu mpya. Sasa haimalizi kuwaka."

"Na mama?"

Akaichukua simu mkononi. Nikakaa kwenye kile kiti nilichokikataa.

"Kuna njia moja," alisema. "Kila ikiwaka inaniuliza kama nifute kila kitu ianze upya. Labda nikubali."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Usithubutu!"

Si mimi niliyesema. Alikuwa jirani yetu, amesimama mlangoni na suruali aliyoniletea niipunguze. Yeye ni fundi wa mashine za hospitali. Ni mwanamke mpole, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Shemeji, iweke simu chini. Taratibu. Usibonyeze chochote."

Mume wangu akaiweka mezani.

"Ukikubali kufuta kila kitu, simu itapona," jirani alisema. "Lakini kilichokuwamo kitakwenda."

"Kwa hiyo bado zimo?" niliuliza.

"Dada, siwezi kukuahidi. Ila nadhani zimo. Programu inayoendesha simu ina mahali pake, na rekodi zako zina mahali pake. Shemeji ameivuruga programu." Akamgeukia. "Uliitoa wapi?"

"Mtandaoni. Ni ya simu kama hii."

"Kama hii, au ya hii?"

Mume wangu akaigeuza simu, akasoma namba ya mgongoni. Iliishia na mbili. Programu aliyoipakia ilikuwa ya ile inayoishia na tano.

"Nilidhani ni ndugu," alisema. "Mimi unga wa mfuko huu ukiniishia, nachukua wa mfuko ule. Mkate unatoka."

"Huu si mkate, shemeji."

Siku nyingine ningecheka.

Jirani alivuta kiti. Waliingia kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza simu. Alisema programu isichukuliwe popote tu, maana watu wabaya huficha vitu vya kuiba siri zako. Walitafuta iliyolingana na namba ya simu, yote, mpaka tarakimu ya mwisho. Kisha alimwonyesha mume wangu njia ya kuipakia bila kugusa rekodi.

"Chaji ipo ya kutosha?"

"Asilimia themanini."

"Na kompyuta ichomeke kwenye umeme. Zikizima katikati, tumekwisha."

Tulingoja karibu nusu saa. Nilifumba macho nikajaribu kumsikia mama kichwani. "Mwanangu, umekula?" Maneno yalikuja. Sauti haikuja. Nilijaribu tena na tena, na kila mara niliisikia sauti yangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilimtamani mama kama siku ile ya kumzika.

Simu ikawaka. Haikuzima.

"Hesabu," jirani aliniambia.

Nilihesabu kwa kidole. Kumi na nne.

Mume wangu alitaka kunishika bega, nikamwondoa mkono. Nilikuwa bado na hasira, na nilitaka aijue. Alichukua kompyuta, akazinakili rekodi zote bila kuambiwa.

"Tayari," alisema.

"Umezifungua?" jirani aliuliza.

"Si unaona majina yake haya hapa?"

"Jina si sauti. Nakala usiyoifungua hujui kama ni nakala."

Tukaanza kufungua. Ya kwanza, nzima. Ya pili, nzima. Ya tisa ilikuwa jina tupu, ndani kimya. Mume wangu akainakili upya, ikasema. Tukafika kumi na tatu.

"Ya mwisho iacheni," nilisema.

Wote wawili wakanitazama.

"Mama aliituma siku moja kabla ya kufa. Sijawahi kuifungua. Nikiifungua, atakuwa hana jipya la kuniambia."

Jirani aliongea polepole. "Dada, ikiwa imeharibika, leo bado tunaweza kuirudia. Kesho sijui. Nikusikilizie mimi, wewe ukae nje?"

"Hapana. Nilitumiwa mimi."

Nikabonyeza.

Mama hakuniambia kitu. Alikuwa ameibonyeza simu bila kujua. Zilisikika kandambili zake zikitembea. Maji yalimiminika ndooni. "Hii miwani nayo inataka nini na mimi?" alinung'unika. Akafungua kabati, akafunga. Kisha akacheka peke yake. "Kumbe nimeivaa!" Aliendelea kucheka huku akiondoka na ndoo, akiimba wimbo usio na maneno. Dakika nne nzima. Mama yangu, mzima, nyumbani kwake, hana habari na kesho.

Nililia sana. Mume wangu aliniwekea mkono begani, na safari hii niliuacha.

"Nisamehe," alisema. "Nilipaswa kukuuliza kwanza."

"Na kunakili kwanza," jirani alisema.

"Na kunakili kwanza."

Tangu siku hiyo Bisibisi haanzi kazi kabla ya kufanya mambo mawili. Anamwomba mwenye kifaa ruhusa, na anatengeneza nakala. Sauti za mama sasa ziko mahali patatu: kwenye simu, kwenye kompyuta yetu, na kwenye flashi iliyo nyumbani kwa dada yangu. Zote zikikaa nyumba moja, mwizi mmoja au moto mmoja unatosha kuzimaliza.

Jirani alituonya pia kwamba flashi huharibika kimyakimya. Kwa hiyo kila mwezi dada yangu huileta, tukafungua rekodi moja baada ya nyingine kuona kama ziko salama.

Juzi mume wangu alikuja anatabasamu.

"Nimekuandikia programu," alisema. "Itazikagua zote yenyewe kwa sekunde mbili. Hutahitaji kukaa na kusikiliza tena."

Nilimtazama mtu huyu mwenye unga kwenye nyusi.

"Asante, mume wangu," nilisema. "Usiiwashe."